Kipindi Walichonuniana

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa televisheni hakuwa na televisheni. Nyumbani kwake kulikuwa na redio moja na watoto watatu. Televisheni zote zilikuwa za watu, zilikaa dukani kwenye rafu, zimeandikwa migongoni kwa chaki: ya mwalimu, ya muuguzi, ya mama mkwe wa mwenye duka la dawa. Ikishapona moja, haikulala pale. Mwenyewe aliitwa siku ileile aje aibebe, maana fundi alishikilia kwamba chombo kizima kikikaa na wagonjwa kitaambukizwa.

Alikuwa na utaratibu mwingine, nao ndio uliozaa habari hii. Kabla ya kufungua televisheni yoyote, lazima kwanza aitazame ikiumwa. Daktari hapasui kabla ya kusikiliza, alisema. Na kipindi alichosikilizia kilikuwa kimoja tu, cha vikaragosi, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwa sababu kilikuwa na rangi zote, sauti nene na nyembamba, na nyuso za mviringo ambazo zikipinda hata kidogo jicho linajua. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, hasemi neno, anatazama. Binti yake wa mwisho alikaa kwenye kreti la soda, naye anatazama.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kwa miaka minne, tangu akiwa na miaka saba hadi kipindi kilipofungwa, binti yule hakukosa Alhamisi hata moja, na hakuwahi hata siku moja kukiona kipindi hicho kwenye televisheni nzima.

Vikaragosi vyenyewe vilikuwa vya kuvaa mkononi, vichwa vya mbao, midomo ya kuchora isiyofunguka. Mkubwa wao alikuwa Kisebusebu, mzee mwenye nyusi za brashi, ambaye kila alichopewa alikikataa kwa maringo kisha akakichukua. Jirani yake alikuwa Domokaya, mama asiyeweza kukaa na siri hata kwa muda wa kumeza mate. Wiki moja televisheni ilivuta picha, binti akaona Kisebusebu amerefuka amekuwa kijana. Wiki nyingine ilijaa chenga, akaona mvua imewanyeshea kipindi kizima na hawakwenda kujificha, akawasifu kwa uvumilivu. Halafu ikaja televisheni ya mwalimu, iliyougua magonjwa mawili kwa mpigo. Haikutoa sauti hata ya kusingiziwa, na kila kitu ndani yake kilikuwa kijani.

Binti alielewa mara moja. Kisebusebu anaumwa. Domokaya amegombana naye, wamenuniana, hawasemeshani, lakini amemletea supu. Kwa dakika ishirini yule mama mdomo mpana alikwenda na kurudi bila neno, anaweka bakuli, anageuka, anachungulia. Binti alilia, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda nyumbani akaiba soksi ya baba yake na kuishonea vifungo viwili vya shati. Mama yake alipomkuta chooni anaongea na mkono wake, alimwambia akimaliza amsalimie.

Utaniuliza: binti wa fundi, asijue televisheni mbovu? Ndiyo hivyo. Alijua kwamba televisheni huharibika, na alijua kwamba Kisebusebu aliumwa, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Mambo ya utotoni hatuyakagui, tunayabeba kama yalivyo. Na wewe unayo yako, usijifanye.

Miaka ikaenda. Binti akawa mke wa mtu, mama wa wawili, na mshonaji wa sare za shule kwenye karakana yenye cherehani kumi na nne. Mabaki ya vitambaa hayakumpita. Kila Jumatano, siku ya chanjo, aliomba ruhusa ya saa moja akaenda kliniki ya jirani na sanduku la kadibodi, akapiga magoti nyuma ya benchi, akawachezea watoto waliokuwa kwenye foleni ya sindano. Wauguzi walimwita Mama Soksi, na jina likamganda, hata wale waliosoma naye wakasahau la kwanza. Watoto walipenda zaidi kile kipindi cha ugomvi, kisicho na neno hata moja. Kilio kilikatika kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma, na mama mmoja aliwahi kupitwa na zamu yake kwa kusubiri supu inywewe.

Ungemuuliza Mama Soksi anataka nini hapa duniani, asingesema nyumba wala gari. Alitaka kumvaa Kisebusebu. Siyo wake wa soksi, bali yule mwenyewe, wa mbao, mwenye nyusi za brashi. Alilitaka jambo hilo kwa miaka thelathini bila kumwambia mtu, kwa kuwa mtu mzima akisema jambo kama hilo hadharani, ndugu hukutana.

Basi siku moja, cherehani zikiwa zinanguruma, redio ikatangaza kwamba kituo kinakirudisha kile kipindi cha zamani na kinatafuta mkono mpya wa Kisebusebu. Mama Soksi alishona mfuko wa sare juu ya kola. Jioni alimwonyesha mumewe barua aliyoandika, yenye maneno kwamba kwa miaka minne hakukosa kipindi hata kimoja. Mumewe aliisoma mara mbili. "Nenda," alisema. "Usipokwenda utatununia sisi."

Usaili ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Studio ilikuwa ukumbi mrefu wenye zulia lililochakaa na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi. Mbele ya jukwaa dogo la pazia walikaa watoto thelathini wa shule ya karibu, wameletwa wawe watazamaji. Kwenye meza ya pembeni alikaa mtayarishaji, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na mbele yake daftari la vipindi vyote vya zamani, mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na maelezo yake. Kando yake alikaa Mzee.

Mama Soksi hakuwahi kuuona uso ule, lakini Mzee aliposema "Karibu, binti," aligeuka mara moja. Ile ndiyo ilikuwa sauti ya Kisebusebu. Mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukutoka hata wakati wa kusalimiana. Wote pale walijua sababu. Mkono ule ulikuwa umeanza kutetemeka, na kwa miaka miwili Mzee hakuwa amevaa kikaragosi chochote.

Sharti lilikuwa moja: chagua kipindi chochote cha zamani, kicheze kwa dakika kumi kwa vikaragosi vyako. Walimtangulia wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa chuo cha sanaa, amevaa skafu kwenye joto la kuokea mkate, na kwa haki alicheza vizuri. Wa pili alikuwa mchekeshaji wa redio, aliyeiga sauti ya Mzee sawasawa mpaka watoto wakageuka kumtazama Mzee mwenyewe. Zamu ya Mama Soksi ikafika. Akaingia nyuma ya pazia, akapiga magoti, akavaa Kisebusebu wa kijani mkono wa kulia na Domokaya wa kushoto, akaanza.

Dakika ya kwanza ikapita. Nje ya pazia alisikia minong'ono.

"Sauti!" mtayarishaji aliita. "Kipaza sauti cha jukwaani kimekufa!"

Mtu wa sauti alikuja mbio, akabadilisha betri, akagongagonga, akarudi. Mama Soksi akaendelea. Kliniki watoto hulia, vyuma huanguka, wauguzi huita namba; hakuwa mtu wa kusimamishwa na betri. Mtu wa sauti alikuja tena, safari hii na kipaza sauti kingine kabisa, akakitega karibu na pua yake. Domokaya alikuwa ndiyo kwanza analeta bakuli pale mtayarishaji aliposimama.

"Simama, dada, simama. Mbona husemi?"

Mama Soksi alitoa kichwa kando ya pazia. "Wamenuniana."

"Nani kanuniana?"

"Kisebusebu na Domokaya. Ni kile kipindi cha ugomvi. Kisebusebu anaumwa, amekuwa kijani."

Mtayarishaji alilifungua daftari, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Alifanya hivyo kwa uangalifu, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Hakipo," alisema. "Dada, uliandika kwamba hukukosa hata kimoja."

"Sikukosa."

"Mzee?"

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Domokaya hajawahi kunyamaza, binti. Hata siku moja. Mwenzangu aliyemcheza, Mungu amrehemu, alikuwa anaongea hata usingizini."

Mchekeshaji wa redio alicheka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyostahili. Mtayarishaji alitangaza mapumziko ya dakika kumi, akamwambia Mama Soksi achague kipindi kingine, cha kweli, au ajitoe. Alimwita mwongo kwa adabu, lakini mwongo ni mwongo hata ukimfunika kitambaa.

Mama Soksi alitoka hadi koridoni, akasimama karibu na ndoo ya kudekia, akampigia simu baba yake. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Aliona aibu kiasi kwamba angetamani kuwa na mdomo wa kuchora.

"Baba, una nafasi?"

"Nina televisheni tumbo wazi hapa mezani. Sema."

"Kile kipindi cha Kisebusebu, walichonuniana. Unakikumbuka?"

"Walinuniana lini?"

"Kisebusebu amekuwa kijani. Domokaya hasemi naye."

Upande wa pili kitu cha chuma kiliwekwa mezani. "Ahaa. Ile ya mwalimu," alisema fundi, na sauti yake ikachangamka. "Waya wa spika ulikatika, na rangi mbili zilikufa ikabaki kijani peke yake. Ilinitoa jasho wiki nzima, ile."

Mama Soksi aliegemea ukuta. "Na kile aliporefuka?"

"Ya muuguzi. Picha ilivutika."

"Na mvua, Baba?"

"Mvua gani? Hizo chenga, mwanangu. Antena."

Alishuka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni. Alipitisha kichwani kila Alhamisi aliyokuwa nayo, moja baada ya nyingine, akatafuta moja tu iliyo nzima, asiipate. Utoto wake wote ulikuwa na chaki mgongoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" fundi alijibu. "Ulikuwa kwenye kreti umeshika mbavu, unacheka. Nikasema, kama mtoto ameshiba kibovu, kizima nimpe cha nini? Kwani kuna nini?"

"Nimekicheza mbele yao. Wanasema hakipo."

"Hakipo?" Fundi alikasirika, na alikuwa hakasiriki ovyo. "Mimi na wewe tulikuwa dukani tunakitazama! Waambie fundi amesema kipo."

Akakata simu. Mama Soksi alibaki pale sakafuni akicheka, machozi yakimtoka, hadi mwenye ndoo akaja akamuuliza kama kuna msiba. Alisema hakuna. Akainuka, akakung'uta sketi. Aibu ilikuwa imemtoka yote, na mahali pake palikuwa na kitu kama hasira nzuri.

Aliporudi alisimama mbele ya meza. "Sina kingine," alisema. "Sina hata kimoja cha kweli. Baba yangu ni fundi wa televisheni, nilikuwa nawatazama kwenye mbovu za wateja. Sauti ilikuwa imekatika waya, mimi nikadhani wamenuniana. Sikuwadanganya. Nimejua sasa hivi, hapo nje, kwenye simu." Alivuta pumzi. "Lakini mgonjwa yule namjua kuliko ndugu zangu. Nimemcheza miaka thelathini. Kama sheria ni sheria, nitakwenda, ila sitaomba radhi."

Mtayarishaji alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, ishara kwamba hajui la kufanya. Msichana mmoja asiye na meno ya mbele alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, ile ya kimya haijaisha. Supu alikunywa au hakunywa?"

"Ndiyo!" watoto wengine wakadakia. "Alikunywa?"

Mzee alianza kucheka. Kicheko kilianzia mabegani kikaishia kwenye meza, vikombe vikagongana. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati la chuma nyuma ya chumba, akarudi na sanduku la mbao. Ndani, wamelazwa juu ya kitambaa cheupe, walikuwa Kisebusebu na Domokaya wenyewe. Mama Soksi aliinama kuwatazama. Walikuwa wadogo kuliko alivyofikiri, na rangi ya pua ilikuwa imebanduka.

"Wewe mvae huyu," Mzee alisema, akampa Kisebusebu. "Mimi nitamchukua jirani."

"Mzee, mkono wako..." mtayarishaji alianza.

"Mkono wangu naujua, mama. Ninao."

Akautoa mfukoni. Ulikuwa unatetemeka kweli, kuanzia kiwiko. Ilimchukua muda kumvaa Domokaya, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Wakapiga magoti nyuma ya pazia bega kwa bega. Domokaya akapewa bakuli la bati na kijiko, akapanda jukwaani.

Na kijiko kikaanza kugonga bakuli. Krikrikrikri. Mzee aling'ata midomo, akajaribu kukaza, na kadiri alivyokaza ndivyo kilivyogonga. Mama Soksi alimwona akifumba macho. Alielewa hofu ile, kwa kuwa dakika kumi zilizopita ilikuwa yake. Hakufikiri. Kisebusebu aligeuza kichwa, akaweka mkono sikioni, akasikiliza lile bakuli kama mtu anayesikiliza umbea mtamu. Akatikisa kichwa: haiwezekani! Bakuli likagonga tena. Kisebusebu akashika kifua: hata mchungaji?

Watoto walilipuka. Walikuwa wameelewa kabla ya watu wazima kwamba Domokaya amenuna, amekula kiapo cha kutosema, na maneno yamemjaa mpaka yanatokea kwenye kijiko. Mzee alifungua macho. Alimtazama Mama Soksi, kisha akauachia mkono ufanye unavyotaka. Domokaya alikwenda upande huu anagonga, akarudi upande ule anagonga, akamsengenya mtaa mzima bila neno. Alipogeuka kumpa kisogo Kisebusebu, kisogo chenyewe kilitetemeka. Yule msichana asiye na meno alilala chali kwenye zulia. Mtu wa sauti, aliyekuwa ameacha vipaza sauti vyake, alikaa chini katikati ya watoto.

Kisha Kisebusebu akaumwa zaidi, akajilaza ukingoni mwa jukwaa. Domokaya akarudi na bakuli. Safari hii kijiko kiligonga haraka haraka, kwa hofu, na hakuna aliyecheka. Kisebusebu alinyoosha mkono wake mdogo wa kitambaa, akauweka juu ya mkono wa jirani yake, akauacha pale. Nyuma ya pazia vidole vya mshonaji vilikuwa vimekumbatia vidole vya Mzee, nguo mbili katikati. Kijiko kikatulia.

Kisebusebu akanywa supu.

Kelele zilizofuata zilifika barabarani. Kijana wa chuo cha sanaa alivua skafu akaipunga hewani, jambo ambalo kwalo nitamheshimu siku zote. Mchekeshaji wa redio alipiga makofi mwisho, lakini alipiga. Mtayarishaji alikuwa analia bila kujificha, miwani yote miwili mezani, anaandika kwenye daftari chini kabisa ya ukurasa wa mwisho.

"Unaandika nini?" Mzee aliuliza, bado yuko magotini.

"Cha mia mbili na kumi na tatu," alisema. "Dada, unavyo vingapi vya namna hii?"

Mama Soksi alifikiria rafu za baba yake, ukuta hadi ukuta, na wateja waliokuwa wakisubiri mlangoni wamekumbatia televisheni zao. "Vya kutosha," alisema. "Kuna kimoja cha mvua."

"Basi kazi ni yako."

Alitaka kujibu kwa heshima, kama mtu mzima mwenye watoto wawili. Badala yake alipiga ukelele, na Kisebusebu, aliyekuwa bado mkononi mwake, akarusha mikono juu. Mzee alikohoa.

"Mimi niliambiwa nistaafu," alisema, akimtazama mtayarishaji. "Lakini huyu jirani hana mtu wa kumvaa, na nimesikia ana maneno mengi."

"Saa mbili Jumatatu, Mzee," mtayarishaji alisema. "Wote wawili."

Jumatatu Mama Soksi alifika saa moja na nusu, amevaa gauni alilolishona Jumapili. Mlinzi wa zamu alimtazama juu chini, akafungua kitabu cha wageni, akamsogezea kalamu.

"Unamwona nani, mama?"

"Simwoni mtu," alisema Mama Soksi. "Nimekuja kazini."